Thrust, albamu ya mpiga kinanda wa jazi Herbie Hancock: maswali yenu

Thrust huitwa albamu ya pili. Ya pili ya nani? Hancock alikuwa na albamu chungu nzima kabla yake.

Ni ya pili kwa kikosi chake cha Headhunters. Head Hunters ilitoka 1973, Thrust ikafuata 1974. Walibaki Bennie Maupin kwenye saksafoni na klarineti ya besi, Paul Jackson kwenye gitaa la besi na Bill Summers kwenye ngoma za mkono. Harvey Mason alitoka kwenye dramu, akaingia Mike Clark. Badiliko hilo moja ndilo roho ya albamu.

Mimi ni mpiga dramu. Kwenye "Actual Proof", wimbo wa albamu hii, napotea kila mara. Nakosea wapi?

Unaingojea snea (ngoma ya mlio mkali) kwenye pigo la 2 na la 4, na Clark mara nyingi haiweki hapo. Anaisogeza mbele au nyuma, kisha anajaza mapengo kwa vipigo laini. Gawa kila pigo mara nne, upate sehemu 16 kwa kila mzunguko wa mapigo manne. Weka metronomu kwenye mapigo 60 kwa dakika, upige haihati (matoazi mawili yanayobanwa kwa mguu) peke yake huku ukihesabu kwa sauti. Ongeza ngoma ya mguu, halafu snea zile kali tu. Vipigo laini viwe vya mwisho: kwa vipigo hivyo fimbo isipande zaidi ya sentimita 2 au 3 juu ya ngozi. Ukivipiga kwa nguvu, sikio litavidhania mapigo makuu na "moja", pigo la kwanza la mzunguko, itakuponyoka. Usipandishe metronomu kwa zaidi ya mapigo 4 kwa mkupuo.

Besi ya Jackson siisikii vizuri kwenye simu.

Spika ya simu haifiki huko. Waya mnene wa besi unatoa takriban hezi 41. Tumia hedfoni. Anza na wimbo "Palm Grease".

Ni kweli walikuwa na majina ya Kiswahili?

Hao ni wa kikosi cha Hancock kilichotangulia Headhunters. Hancock alijiita Mwandishi, Eddie Henderson Mganga, Billy Hart Jabali, Buster Williams Mchezaji. Maupin alikuwa Mwile, na ni yeye peke yake aliyevuka na Hancock kuingia Headhunters.