Kwa nini wanajeshi hawakuwajengea watu nyumba?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Nilisoma kwamba tetemeko la Pakistan la 2005 lilipotokea, jeshi ndilo lililoongoza uokoaji, lakini nyumba wananchi walijijengea wenyewe kwa fedha za awamu. Kwa nini wanajeshi wasingejenga tu mambo yakaisha? Msomaji, Bukoba.

JIBU: Ndugu yangu, salama. Tetemeko lile la ukubwa wa 7.6 lilipiga Jumamosi, tarehe 8 Oktoba, saa tatu kasoro asubuhi, watoto wakiwa madarasani. Upande wa Pakistan pekee walikufa watu zaidi ya 73,000. Barabara za milimani zilifukiwa na maporomoko, na majira ya baridi kali yalikuwa yamebakiza wiki chache. Hapo jeshi halina mbadala. Lina helikopta, lina wahandisi wa kufungua barabara, na amri ikitoka inatekelezwa. Hata Chinook, helikopta kubwa za mizigo za Marekani zilizokuwa Afghanistan, zilikuja, zikipanda na mahema na mabati, zikishuka na majeruhi.

Nyumba ni habari nyingine. Zilizohitaji kujengwa upya zilikuwa zaidi ya 400,000, tena zimetawanyika kwenye miteremko ambako mfuko wa saruji hufika mgongoni mwa nyumbu. Hakuna jeshi la kuzimaliza. Ndiyo maana mamlaka ya ujenzi mpya, ERRA, iliyoundwa mwezi uleule wa Oktoba, iliamua mwenye nyumba ajenge mwenyewe. Aliyebomokewa kabisa alistahili rupia 175,000: 25,000 za kujihifadhi kwa muda, 75,000 za kuanzia, 25,000 msingi ukikamilika, na 50,000 kuta zikifika kwenye linta, mkanda wa juu ya milango na madirisha. Wanajeshi hawakuondoka, ila kazi yao ilibadilika: waliongoza timu zilizopita nyumba kwa nyumba kukagua uharibifu.

Awamu zile hazikuwekwa kumbana mwananchi. Kasoro inayoua huzikwa ndani ya zege. Chukua ringi za nguzo, zile nondo nyembamba zinazozunguka na kuzifunga nondo za wima. Fundi akizikunja ncha kwa nyuzi 90, nyumba ikitikisika zege la nje linabanduka, ringi inafunguka, na nondo za wima zinapinda kama mabua. Akizikunja kwa nyuzi 135, ncha zikaingia katikati ya nguzo, ringi inashika. Tofauti ni dakika chache za fundi, lakini zege likishamwagwa huwezi kuiona tena. Kwa hiyo mkaguzi lazima afike mapema, na fedha inayofuata ndiyo inayomfanya fundi amsubiri.

Walikosea pia. Mwanzoni miongozo ilitaka tofali za saruji na nondo, wakati vijiji vya juu havikuwa na uwezo wa kuvifikisha. Huko watu walirudia dhajji, ujenzi wa jadi wa Kashmir, eneo la milimani lililopigwa na tetemeko: fremu ya mbao iliyogawanywa kwa mihimili ya mshazari, nafasi zikajazwa mawe madogo na udongo. Wewe wa Kagera ungeiona ungesema ni binamu wa nyumba zetu za miti na udongo. Ikitikisika inalia na kupasuka lipu, lakini fremu inabaki imesimama. ERRA ilikuja kuiidhinisha ikapata ruzuku, na kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi bora kuliko yote.

Ukitaka kuona njia uliyoitaja ingeishia wapi, tazama mji wa Balakot, hukohuko Pakistan. Mji ule umekaa juu ya ufa wa ardhi, kwa hiyo serikali iliwaahidi wakazi mji mpya mahali paitwapo Bakrial. Wakasubiri kujengewa. Miaka zaidi ya kumi baadaye, familia nyingi zilikuwa bado kwenye vibanda vya muda, huku wenzao wa vijijini walioanza na rupia 75,000 wameshahamia kwao.

Nawe, kama unajenga baada ya lile tetemeko lenu la Septemba 2016, mwambie fundi asimwage zege la nguzo kabla hujahesabu ringi na kuangalia ncha zake. Zipige picha, unitumie nizione.