Re: Dubai na watoto, hoteli au apatimenti yenye jiko?
Mkuu, kwa watoto watatu mi nakwambia chukua apatimenti, tena maeneo ya Deira karibu na metro, maana kula nje kila mlo na familia utalia. Samaki wapo Waterfront Market hapohapo Deira, unachagua mwenyewe wanakusafishia, wewe kazi yako kukaanga tu. Ila kabla hujalipa uliza jikoni kuna nini hasa, wengine wanaita jiko kumbe ni maikrowevu na birika, sasa ugali utasongea wapi? Na mwiko beba wa kwako. Adapta usihangaike, soketi zao ni zilezile za pini tatu bapa kama zetu. Halafu kuna ada inaitwa Tourism Dirham, inatozwa kwa kila usiku, mara nyingi unailipia ukifika.