Maswali yenu kuhusu Simfoni ya 6 ya Tchaikovsky

Wiki iliyopita niliwataka msikilize Simfoni Na. 6 (muziki mrefu wa okestra, huu una sehemu nne) ya yule Mrusi, Tchaikovsky, inaitwa Pathétique, dakika kama 45 hivi. Maswali yamekuja, twende nayo.

Mwanzo sisikii kitu, spika yangu mbovu?

Nzima kabisa. Ile ni basuni, zumari refu la sauti nzito, inanung'unika chini huku besi zimeishikilia. Ngoja uje ule wimbo mtamu wa fidla na selo, ile fidla kubwa ya kupigwa umekaa, utashuka ushuke mpaka karibu na kimya. Kwenye noti alama ya kupiga kwa sauti ndogo ni p, yeye hapo kaandika p 6! Ukishasogeza sikio sasa, okestra nzima inakulipukia. Mi nilishtuka kweli mara ya kwanza.

Sehemu ya pili nacheza kama waltz lakini mguu unabaki hewani

Kwa sababu waltz, ile dansi ya kuzunguka, ina mapigo matatu na hii ina matano. Hesabu mbili, tatu, mbili, tatu, utaingia.

Ya tatu imeisha kwa kishindo watu wakapiga makofi nikazima, kumbe kuna nyingine?

Rudi leo leo, umeacha moyo wa kazi nzima. Hata kwenye kumbi kubwa watu wanapiga makofi hapo maana ile machi, yaani muziki wa gwaride, inaanza vipande vipande, inakua, matoazi na ngoma juu, unaona kabisa huu ndo ushindi tumemaliza. Afu inaingia ya nne, kilio kitupu. Simfoni nyingi za wakati ule zilimalizika kwa shangwe ila yeye kaweka shangwe kabla halafu kakuacha na msiba, mwishoni kuna pigo moja tu la sauti ndogo la ile sahani kubwa ya shaba, trombone, tarumbeta za sauti nzito, zinaitikia kama watu wa mazikoni, besi zinadunda kama moyo unaochoka mpaka basi.

Ni kweli alijitabiria kifo?

Aliiongoza mwenyewe St. Petersburg tarehe 28 Oktoba 1893, siku 9 baadaye akafariki, ikasemwa kipindupindu. Ndo maana watu wanaunganisha. Ila alianza kuiandika Februari akiwa mzima, na jina la simfoni kwa Kirusi linamaanisha yenye hisia kali, sio ya kusikitisha. Mi nasikia mtu aliyekuwa na mengi moyoni, utabiri siusikii.

Napiga fidla kwenye taarab, nimejaribu ule mwanzo wa sehemu ya nne kutoka karatasi ya fidla ya kwanza, hautoki kabisa

Hautatoka ndugu yangu, na hujakosea! Ule wimbo kaugawa, noti moja fidla ya kwanza, inayofuata fidla ya pili, hivyo hivyo kupokezana, kwahiyo ukipiga peke yako unasikia miruko tu isiyo na maana. Mtafute mwenzio ashike ya pili, kaeni mmoja huku mwingine kule, pigeni pamoja taratibu. Utausikia unatokea hapo katikati yenu.