Kabla ya kufuta chakula kwenye menyu, hesabu meza

Kambo, bibi mwenye wajukuu, alifungua menyu mpya, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele, halafu akaifunga na kuiweka chini ya pochi yake. "Makayabu mulipeleka wapi?" akauliza, yaani samaki wa chumvi. Kijana wa kuhudumia akamjibu kwa heshima zote kwamba haiko tena, ila tumeleta piza, iko ya jibini, iko ya kuku, achague. Kambo akamtazama kitambo. Akaomba maji ya moto kwenye kikombe, basi.

Alikuwa amekuja na watu 11: watoto wake, wakwe, wajukuu. Familia ile nilikuwa naijua. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, wakitoka misa ya pili, wanashuka kwenye magari mawili na kukaa chini ya mwembe karibu na bwawa mpaka jua linapoanza kulala. Siku ile walikula kuku bila maneno, na saa tisa haijafika mtoto wake mkubwa akaja kuomba fakture, walipe waondoke. "Mama anasikia baridi," akaniambia. Ilikuwa Oktoba. Anayeijua Oktoba ya Lubumbashi, kabla mvua hazijashika, anajua baridi ile ilikuwa ya namna gani.

Mimi nasimamia jiko na ukumbi wa restora iliyo ndani ya kituo cha mapumziko hapa mjini. Kuna bembea, kuna treni ndogo ya watoto inayozunguka bustani, bwawa, vyumba vichache vya kulala na paa la makuti kwa ajili ya sherehe. Nimebadilisha menyu mara tatu katika miaka sita. Mara ya kwanza nilifanya vibaya, ya pili vibaya zaidi, ya tatu nilianza kuelewa. Kama una restora, hasa ya mahali ambapo watu wanakuja na familia nzima, labda haya yatakuokoa pesa.

Niseme kwanza kwamba kubadilisha kulikuwa lazima. Menyu ya zamani ilikuwa na vyakula 46 kwenye kurasa tano zilizofunikwa plastiki, na ukiuliza nusu yake, jibu ni "leo haiko". Ni aibu, tena ni hasara, maana friji inajaa vitu vinavyosubiri mtu mmoja kwa wiki. Basi nikachukua daftari la komande, yaani la vyakula vilivyoagizwa, nikahesabu sahani za miezi miwili, nikaanza kukata kwa kalamu nyekundu kuanzia chini. Makayabu ilikuwa karibu na mwisho kabisa. Na kazi yake mnaijua: unaloweka samaki usiku kucha, unamwaga maji mara tatu chumvi ipungue, ukizidisha anakuwa pamba, ukipunguza mtu anakunywa maji mpaka Jumatatu. Tulikuwa tunaloweka ya sahani sita, tunauza nne. Hesabu haikuwa na kosa. Nikafuta.

Kilichonitoa usingizini ni mama wa kasha, anayepokea pesa. Yeye ndiye aliyesema, "Mama, usihesabu sahani. Angalia hiyo sahani ilikaa meza gani." Tukakaa jioni mbili tukifungua tena vikaratasi vya komande, safari hii tukivipanga kwa meza. Karibu kila mahali palipoandikwa makayabu, meza ilikuwa ya watu wanane na kuzidi. Mla makayabu haji peke yake. Ni mama mzazi, au kambo, au baba mkwe aliyetoka Likasi kutembea. Amekuja na vijana wanaolipa, wajukuu wanaonunua tiketi za treni, mashemeji wanaokunywa bia ya Simba mpaka jioni. Sahani moja ya dola 12 ilikuwa imekalia meza ya dola 150. Na mahali pa kula anachagua yule mgumu kumpatia chakula, kwa sababu wengine wote watakula kuku popote.

Tangu hapo, kabla ya kufuta kitu nauliza maswali mawili: nani anakiagiza, na amekuja na nani? Chakula kinachouzwa kidogo kwa watu wanaokuja peke yao, kiondoe, hawatasumbuka sana. Kinachouzwa kidogo kwa wazee wa meza kubwa, kiache, au kitafutie njia nyingine. Makayabu sasa haiko kwenye orodha ya kila siku. Imeandikwa chini kabisa ya menyu, pamoja na sombe, yaani kisamvu: "Makayabu na sombe ya mawese, pigia simu kabla ya Jumamosi saa sita mchana." Ninaloweka ya watu waliopiga tu. Hakuna kinachotupwa, na anayepiga simu Jumamosi amekwisha kuniahidi meza ya Jumapili.

Watoto nao ni wazee wa aina yao. Tulikuwa na sahani iitwayo Kuku wa Treni: mapaja mawili ya kuku, viazi vya kukaanga, na kikopo cha sosi ya nyanya, vyote ndani ya sanduku la mbao lililopakwa rangi kama behewa. Patroni, mwenye kituo, alirudi kutoka safari akaona masanduku yamechakaa. Tukaweka sahani nyeupe, nzuri, na kwenye menyu tukaandika "Kuku wa kukaanga na viazi". Kuku yuleyule, mafuta yaleyale, mpishi yuleyule. Mtoto wa miaka kama mitano alisukuma sahani akasema hii siyo. Baba yake akaonja, akamwambia ni ile ile. Mtoto akaanza kulia kwa sauti ile ya mtu aliyeibiwa, na kwa kweli nilimwona ana haki: nyumbani walimwahidi behewa. Fundi mbao wa Katuba alitengeneza masanduku 20 mapya kwa wiki mbili. Mahali pa michezo, chombo na jina ni sehemu ya chakula. Ukitaka kubana matumizi, bana kwingine.

Wakubwa zaidi yetu wameangukia shimo hilihili. Euro Disney, bustani kubwa ya michezo ya Wamarekani, ilipofunguliwa karibu na Paris, tarehe 12 Aprili 1992, ndani ya bustani yenyewe hawakuuza pombe, kwa sababu hivyo ndivyo walivyozoea Marekani. Mfaransa kula mchana bila divai! Manung'uniko hayakwisha, na mwaka 1993 wakairuhusu. Tena walikuwa wamepanga hoteli zao wakiamini kwamba watu wa Ulaya asubuhi hawahitaji kukaa mezani na kula sana. Watu wakajaa, foleni zikawa ndefu. Na mchana, wakati Wamarekani walizoea kula wakitembea saa yoyote, Wafaransa walitaka kukaa wote kwa mara moja. Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu, maana mimi nilikuwa nimepanga wahudumu wanne kwa zamu sawa siku nzima ya Jumapili, kana kwamba sijui misa inatoka saa ngapi.

Sasa kuhusu bukari, ugali wetu, ambapo nilijiaibisha hasa. Mwaka 2024 Zambia ilipata ukame mkali ikazuia mahindi yake, na sisi ambao unga wetu mwingi unapita mpaka wa Kasumbalesa tulijua kabla ya kusikia redioni: mfuko ulipanda. Bukari tulikuwa tunaipima kwa bakuli la kijani, lile la bati lenye maua. Nikaona ujanja. Nikanunua bakuli linalofanana nalo, dogo kwa upana wa vidole viwili, nikamwambia mpishi asiseme kitu. Bei ibaki ileile, nani ataona?

Aliona mtu wa tatu. Papa mmoja, dereva wa kamiyo, alinyanyua bonge lake kwa kiganja, akalipima juu na chini kama mtu anayepima mtoto kliniki, akaita kwa sauti: "Mama, hii bukari ilikuwa mugonjwa?" Meza nne zikacheka. Nami nikacheka, jasho likinitoka. Kwa wiki nzima watu waliingia wakiuliza kama bukari imepona.

Bakuli la kijani likarudi kesho yake. Bei nikapandisha wazi, na nikawaambia wahudumu waseme sababu kabla mtu hajakaa vizuri: unga umepanda, bukari imeongezeka franka 1,000, lakini ukimaliza na bado una njaa tunakuongezea nusu bila malipo. Wawili walinung'unika. Kila mtu alikula, na hata mmoja kati ya kumi hakuomba ile nusu. Mtu wa hapa anaelewa bei kupanda, anaiona sokoni kila siku. Kudhaniwa hana macho, hapo ndipo anaposikia vibaya. Na tafadhali usipandishe bei siku hiyohiyo unayobadilisha chakula chenyewe, wala kile kiwango cha dola kwa franka unachoandika chini ya menyu. Kimoja kwa mwezi. Ukifanya vyote pamoja, mteja hatajua anakasirikia nini, nawe hutajua umekosea wapi.

Kuna suala la wanaolalamika kwa nguvu. Tulipoondoa supu ya mbuzi, kulikuwa na papa mmoja wa upande wa baa ambaye kwa wiki tatu alikuwa akituhubiria kuhusu supu hiyo. Nikafungua daftari: mwaka mzima hakuwahi kuiagiza hata mara moja. Nikamdharau kimyakimya. Kumbe rafiki yake ndiye aliyekuwa akiagiza, yeye akichovya mkate. Rafiki alishaacha kuja, na papa huyu alikuwa ananiambia kwa njia yake kwamba amebaki peke yake. Supu ilirudi Ijumaa jioni tu, sufuria moja, ikiisha imeisha. Rafiki alirudi wiki ya pili.

Piza niieleze kwa kifupi, maana mnaweza kuikisia. Tanuri lilikuwa la umeme. Umeme ukikatika, na unakatika, watoto wanasubiri zaidi ya saa nzima huku treni inapiga kengele nje. Hakuna aliyesema piza ni mbaya. Hakuna aliyepata nafasi ya kuionja ikiwa moto. Sasa inapikwa Jumamosi na Jumapili, saa ambazo jenereta linawaka tayari kwa ajili ya pampu ya bwawa. Ukiongeza chakula, uliza kwanza kinategemea nini siku mbaya.

Na jambo ambalo limenisaidia kuliko yote ni la bure: ubao mweusi na chaki. Nimeona kwamba watu wetu hawachukii kitu kipya kikija na msimu wake. Mvua zikishika, wamama wanapanga uyoga kando ya barabara ya Likasi, na hakuna anayeniuliza kwa nini uyoga umeingia kwenye menyu au kwa nini umetoka mwezi wa nne. Finkubala, viwavi vya kuliwa, hivyohivyo, ukizikaanga na kitunguu na nyanya mpaka zikauke kidogo, meza zinaitana. Basi kila wazo jipya, hata lisilo na msimu, linaanzia ubaoni. Likikaa miezi mitatu na watu wakaliuliza siku ambayo halipo, ndipo linachapishwa. Likifa, unafuta kwa kitambaa chenye maji, na hakuna karatasi ya plastiki inayokukumbusha.

Lakini kabla ya ubao, wahudumu wale. Yule kijana aliyempa Kambo habari ya piza hakuwa ameionja hata kipande. Angesema nini zaidi ya "iko ya jibini, iko ya kuku"? Siku hizi chakula kipya kinaliwa kwanza na wahudumu, wote, wamekaa, Alhamisi mchana, na kila mmoja ananiambia angemweleza vipi mama yake. Maneno yao mara nyingi ni mazuri kuliko yangu. Mmoja alisema ndizi zetu za kukaanga zina "ladha ya kitu cha kuiba jikoni kabla chakula hakijaiva", na sasa hivyo ndivyo wanavyoziuza.

Nilimpigia simu mtoto wa Kambo baada ya kugundua kosa. Nilichelewa, ilikuwa Januari. Alinipokea vizuri, akanishukuru, akasema mama yake mzima. "Ila alipata pengine, Mama. Wanamutengenezea bitoyo, samaki ya chumvi, vile anapenda, tunakaa kule sasa." Nikamwambia makayabu imerudi, apige tu Jumamosi. Akasema atamwambia. Mwembe ule Jumapili ya kwanza unakaliwa na watu wengine, wazuri tu, lakini wanaondoka saa tisa.

Hizo ndizi za kukaanga bado ziko ubaoni, huu ni mwezi wao wa pili. Jumapili iliyopita tuliuza sahani 11, zote kwa meza moja ya vijana waliokuja kupiga picha kwenye bwawa. Mpishi anataka nizichapishe. Nimemwambia asubiri, nataka kwanza kuona kama watarudi na mama zao.