Mbona waongoza ndege wanakosea hata ndege zikiwa chache?

Swali: Kaka, nasomea kuongoza ndege. Mtu ana rada, ana simu, ana stripu (kikaratasi cha taarifa za kila ndege) mbele yake, anakosea vipi kukodineti, yaani kukubaliana kuhusu ndege, na sekta ya jirani (kipande cha anga cha mwongozaji mwingine)? Na kazi ikimzidi si aombe tu msaidizi?

Jibu: Mdogo wangu, nianze na kosa langu maana lilinifunza kuliko darasa. Nilimpigia jirani nikampa ndege, saa ya kuingia kwake na levo 350 (kimo cha futi 35,000), akarudia vizuri tukamaliza. Baadaye rubani akaomba ashuke 330 kwa sababu huko juu kunatikisa, nikaona kwangu pako wazi nikampa, nikaandika kwenye stripu halafu nikahamia kwa mwingine aliyekuwa anaita. Simu sikupiga. Kichwani mwangu hiyo ndege ilishakodinetiwa, imeisha. Kumbe jirani ana yake 330 inakatiza palepale mpakani, na kilichotuokoa ni kwamba alikuwa anatazama rada vizuri akapiga yeye, "huyu wako mbona 330?" Tuliwatenganisha mapema, ila mwili ulinisisimka mpaka zamu inaisha.

Sasa ona, vifaa vyote vilikuwa vizima. Rada inakuonyesha ndege iko wapi, haikuonyeshi mlikubaliana nini, na makubaliano ndo yalibadilika upande mmoja. Tangu siku hiyo nikibadilisha levo, njia au saa baada ya kukodineti, ile stripu naivuta pembeni inakaa imepinda, hairudi kwenye mstari mpaka nimepiga simu na mwenzangu ametaja namba kwa mdomo wake. Akiniambia "sawa sawa" sipokei, nataka namba.

Na siku hiyo nilikuwa na ndege sita tu! Msongamano ulikuwa umeisha muda si mrefu, na hapo ndo pabaya, maana akili inalegea kabla kazi haijaisha. Pabaya pengine ni dakika za kwanza ukipokea kiti, anayeondoka anakusimulia vilivyopo kwenye skrini anasahau ahadi alizotoa kwenye simu. Wewe muulize ahadi kwanza.

Kuhusu msaidizi, kugawa sekta nako ni kazi. Inabidi umweleze mwenzako picha nzima, uwahamishe marubani masafa ya redio, uwajulishe majirani, na yote hayo huku umeshazidiwa. Kwa hiyo omba mapema, marubani wakianza kurudia kukuita mara mbili ujue umeshachelewa. Kama mtu hayupo, mwambie jirani asikuletee mpya kwa dakika kumi, awazungushe kwake. Hiyo sio aibu hata kidogo.

Soma sana ajali ya Überlingen, Ujerumani, usiku wa tarehe 1 Julai 2002, ndege mbili ziligongana angani, watu 71 walikufa. Zurich mwongozaji alikuwa peke yake kwenye meza mbili za kazi, mwenzake yuko mapumziko, anahangaika na ndege inayotaka kutua Friedrichshafen, na simu kuu imezimwa kwa matengenezo. Waongozaji wenzake wa kituo cha Karlsruhe, Ujerumani, waliziona zile ndege mbili zinakutana, wakapiga simu kumwonya, haikuingia. Hiyo inaniuma kila nikiisoma jamani, mtu anaona na hawezi kusema. Ukibaki peke yako usiku, kabla mwenzio hajatoka mlangoni, ijaribu simu ya akiba, mpigie jirani umsikie sauti yake.