Springi za kuinua pikapu ndogo ya zamani
Ndugu, umeuliza kama uinue pikapu yako kwa sentimita 5 au 10. Ningechagua 5, kwa sababu ukizidi hapo pembe ya propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma) hubadilika mno, na mpira wa breki wa nyuma (bomba laini la mafuta ya breki) huweza kukazika kila ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, inaposhuka. Kwanza pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote mbili, kwani springi zilizochoka hulala, na huenda sehemu ya kimo unachokitafuta ni kile tu gari lilichopoteza. Zingatia zaidi mzigo wa kila siku: springi ngumu, gari likiwa tupu, huirusha juu sehemu ya nyuma kwenye kila shimo, jambo ambalo naliona hatari hasa kwenye kona yenye utelezi. Badilisha bushi pia, yaani vile vipande vya mpira kwenye maungio ya springi.