Jibu: laptopu kuganda kwenye faili la jenomu ya muhogo, na faili jipya kubaki na kontigi moja

Ndugu, umeuliza mambo mawili: kwa nini laptopu yako ya RAM GB 4 inaganda ukisoma FASTA (faili la maandishi la mifuatano ya DNA) ya muhogo yenye karibu MB 700 kwa Biopython, maktaba ya Python ya kazi za biolojia, na kwa nini faili unaloandika linatoka na kontigi (kipande kirefu cha DNA kilichounganishwa) moja tu wakati la mwanzo lina maelfu. Naanza na la pili, maana hilo lilinila siku mbili nzima.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Wandegeya, Kampala, nikifanya kazi usiku kwa sababu mchana intaneti ilikuwa ya kugombania. Nilitaka kuchuja kontigi zilizo chini ya besi (herufi za DNA) 1,000. Nikaandika kitanzi cha for, na ndani yake nikaweka SeqIO.write, amri ya Biopython ya kuandika faili, yenye jina la faili. Skripti ikamaliza bila kulalamika. Nikapandisha faili kwenye seva, nikaanzisha kazi ya kupachika vipande vya DNA juu yake, nikashuka kununua rolex (chapati ya kuviringishwa na mayai), nikalala. Asubuhi karibu vipande vyote havikupata pa kukaa. Nililaumu sampuli, nikamlaumu aliyeandaa DNA (ssebo, yaani bwana, popote ulipo, nisamehe). Kesho yake jioni ndipo nilipohesabu alama za ">" kwenye faili langu. Ilikuwa moja.

Ukiipa SeqIO.write jina la faili, kila unapoiita inalifungua upya na kufuta kilichokuwamo. Ndani ya kitanzi, kila kontigi inamfuta mwenzake, anabaki wa mwisho. Iite mara moja tu, nje ya kitanzi, uipe mkondo mzima:

from Bio import SeqIO
ndefu = (r for r in SeqIO.parse("muhogo.fa", "fasta") if len(r) >= 1000)
n = SeqIO.write(ndefu, "muhogo_1k.fa", "fasta")
print(n)

Hiyo n ni idadi ya rekodi zilizoandikwa, yaani kontigi. Watu wengi wanaitupa. Mimi siku hizi siendi hatua inayofuata kabla sijaiona kwa macho.

Mabano ya mviringo kwenye mstari wa pili ndiyo dawa ya swali lako la kwanza. Wewe umeandika list(SeqIO.parse(...)), yaani umeiambia kompyuta ibebe mzigo wote kichwani kwa mpigo. Besi moja ni baiti moja, kwa hiyo MB 700 zinaingia zote. Ukitengeneza nakala ya herufi kubwa, na nyingine iliyogeuzwa, na kivinjari kiko wazi, GB 4 zimekwisha. Kwa mkondo, rekodi moja inaingia, inatoka, inakuja nyingine. Ila mkondo husomwa mara moja tu. Ukishahesabu rekodi zake, ukiurudia unakuta mtupu, na hapo pia hutapata ujumbe wa kosa. Uufungue upya.

Ukitaka kurukia kontigi fulani kwa jina, tumia SeqIO.index badala ya to_dict, ambayo hubeba faili lote. Yenyewe inakumbuka kila rekodi inaanzia wapi kwenye diski, haibebi besi. Faili lililobanwa kwa gzip ya kawaida haitalikubali. Libane kwa bgzip, inayobana vipande vipande ili kuweza kurukia katikati.

Sasa majina. Programu ya hifiasm, ya kuunganisha vipande vya DNA, inakupa kontigi zenye majina kama ptg000012l, na wewe unataka kuiita Kr01, yaani kromosomu ya 1. Ukibadilisha r.id peke yake, mstari wa kichwa utatoka ">Kr01 ptg000012l", kwa sababu jina la zamani bado limekaa kwenye r.description. Lifute: r.description = "". Na ukiigeuza rekodi kwa reverse_complement(), yaani uzi wa pili wa DNA kusomwa kinyume, bila kutaja id=True, jina linapotea kabisa. Niliwahi kupata kontigi kadhaa zote zikiitwa "<unknown id>", nikabaki nazo kama mtu aliyeokota vitambulisho visivyo na picha.

Umegusia pia AGP, lile faili linalosema kontigi zipangwe vipi hadi ziwe kromosomu. Muhogo una kromosomu 18 kwa seti moja, kwa hiyo mistari itakuwa mingi. Kila mstari una safu 9. Tuseme wa kwanza ni kontigi, 1 hadi 5000. Wa pili ni pengo la aina U, 5001 hadi 5100: urefu wake wa kweli haujulikani, kwa kawaida huwekwa N (herufi ya besi isiyojulikana) 100. Kontigi inayofuata inaanza 5101. AGP inahesabu kuanzia 1 na namba ya mwisho imo. Python inaanza 0 na ya mwisho haimo. Kwa hiyo kipande cha kontigi unakikata mfuatano[mwanzo-1:mwisho]. Ukisahau ile -1, kila kontigi inapoteza besi yake ya kwanza, na anwani za jeni zinasogea: besi moja kwenye kontigi ya kwanza, mbili kwenye ya pili, hamsini kwenye ya hamsini. Mwanzoni mwa kromosomu utaona kila kitu kiko karibu sawa. Angalia mwishoni.

Pia usipuuze safu ya 9. Kwenye mstari wa kontigi, ikiwa ni "-", geuza kipande kwa reverse_complement() kwanza ndipo ukiunge.

Nikimaliza kuunga, najumlisha besi zote zisizo N kwenye faili jipya na kulinganisha na jumla ya vipande vilivyotajwa kwenye AGP. Zikitofautiana hata kwa moja, sipandishi kitu seva.

Ukikwama, weka hapa mistari mitano ya mwanzo ya hiyo AGP pamoja na skripti yako. Usiweke faili zima, wengine tunasoma kwa bando la siku.